Picha ya Juu na Kamba ya Mama

Mwezi huu tunawapeleka karibu na Kolwezi, katika bonde moja dogo la mashamba ambapo akina mama wa kanisa wanalima mihogo na mahindi. Huko tuliona droni, ile ndeke ndogo isiyo na mtu ndani, ikipanda na kupiga picha. Na tuliona mama mmoja akibishana na picha ile, mkononi mwake kamba tu. Vijana, someni mpaka mwisho. Kuko hesabu ndani, lakini ni hesabu ya kula.

NJIANI

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilomita 300. Tuliondoka kabla ya jua kutoka, mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu ya Katanga. Ndani ya basi kila mtu alijifunga kikwembe au koti mpaka masikioni, na watoto walilala juu ya magunia. Tuliacha nyuma ile shimini ndefu na kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba, ambacho kila mtoto wa Lubumbashi anakijua tangu kuzaliwa.

Tulifika Likasi, ambayo wazee wengine wanaiita bado Jadotville, jina lake la wakati wa Wabelgiji. Pale tulikunywa chai na mukate. Kisha Fungurume. Njia yote tulipishana na makamyo yenye kubeba mabamba ya shaba, yakishuka kuelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Vumbi yao inaingia mpaka ndani ya meno. Baadaye tulivuka mto Lualaba, na dereva akasema, "Sasa tuko nyumbani." Alasiri tulikuwa Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo manne katika mwaka 2015.

Mbona tulikwenda? Juu ya telefone moja. Mama mwenyekiti wa komite ya mashamba alinipigia usiku: "Mwalimu, kuya utusaidie hesabu. Batu ya mugodi balisema batafika kuhesabia mashamba yetu. Siye tunataka tuhesabie ya kwanza."

Alikuwa na haki. Kulikuwa habari kwamba udongo utakaotolewa mgodini utamwagwa upande wa bonde lao. Sheria ya migodi ya inchi yetu, ile ya mwaka 2002 iliyorekebishwa katika mwaka 2018, inasema kwamba mtu anayepoteza shamba lake kwa sababu ya mgodi anapaswa kulipwa. Lakini kulipwa kunafuata kupimwa. Asiyejua kipimo cha shamba lake atapokea kipimo cha mwingine.

BONDE

Bonde lenyewe lina urefu wa meta 600 hivi na upana wa meta 300. Upande wa mashariki kuko kilima cha udongo mwekundu na mawe, uliotolewa zamani ndani ya shimo na kumwagwa pale mpaka ukawa mlima wenye kichwa cha bapa. Upande wa magharibi kijito kinapita katika majani marefu. Katikati ni mashamba: mihogo, mabua makavu ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, matuta ya viazi vitamu, na karibu na maji, mboga.

Hapa na pale vinasimama vichuguu. Mgeni anayetoka mbali anashangaa, maana vichuguu vya Katanga si vya kucheka. Kuko vyenye kupita meta 5 kwenda juu na upana wa karibu meta 15, kama nyumba. Udongo wake unafanya matofali mazuri, na mama anayepanda mahindi juu ya kichuguu anajua kwa nini amepanda pale. Ukiwa chini unaona kimoja, kisha kingine. Ukiwa juu unaviona vyote kwa mara moja, vimetawanyika kama madoa juu ya ngozi ya chui.

Tulipokewa na bukari, sombe na ndagala. Jioni tukasali, kisha tukaonyeshwa droni. Ni mali ya kijana mmoja wa kwaya, ambaye anaitumia kupiga picha za ndoa. Alikubali kufanya kazi ya mashamba bila malipo, na komite ilikuwa imeomba ruhusa kwa chef wa kartie na kwa wakubwa wa serikali. Vijana, musisahau jambo hilo. Katika inchi za migodi kitu kinachoruka na kupiga picha kinatia watu woga, na anayekirusha bila ruhusa anaweza kulala mahali pabaya.

"INAONA MUPAKA WAPI?"

Asubuhi kijana alipanda juu ya kilima cha udongo, kwa sababu pale hakuna miti. Akaweka droni chini, mabawa yake manne yakalia kama nyuki, ikaondoka. Watoto walikimbia, wengine mbele, wengine nyuma. Katika kioo cha telefone yake kijana alionyesha namba inayopanda: 20, 50, 80. Pale ikasimama.

Kila mtoto aliuliza swali moja tu: "Inaona mupaka wapi?"

"Inaona yote," kijana akajibu.

Neno "yote" linafaa kwa wimbo, halifai kwa hesabu. Basi nikaomba katoni ya sabuni na kisu, nikakata dirisha lenye upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 20. Nikamwambia mtoto mmoja afunge jicho moja, ashike dirisha lile sentimeta 20 mbele ya jicho lingine, na asimame meta 4 mbele ya ukuta wa kanisa. Tukaweka alama ya makaa mahali ambapo macho yake yanaishia, kushoto na kuume. Tukapima: karibu meta 6. Akarudi nyuma mpaka meta 8. Tukapima tena: karibu meta 12. Muifanye nyumbani, ni rahisi.

Kamera inafanya vile vile. Ndani yake, nyuma ya kioo, kuko kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Katika kamera ya kijana yule, kibamba kina upana wa milimeta 13,2 na kimo cha milimeta 8,8. Kutoka kioo mpaka kibamba kunahesabiwa milimeta 8,8. Gawanya 13,2 kwa 8,8: unapata moja na nusu. Gawanya 8,8 kwa 8,8: unapata moja. Basi, kamera ikitazama chini wima, upande mrefu wa picha unafunika udongo wa mara moja na nusu ya kimo, na upande mfupi unafunika udongo ulio sawa na kimo chenyewe. Kimo, ni kusema umbali kutoka kamera mpaka udongo ulio chini yake. Mushike neno hilo, litarudi.

Kila kamera ina namba zake, zinaandikwa katika kitabu kinachokuja ndani ya katoni yake. Kwa kamera hii, hesabu ni hivi:

– Kwa kimo cha meta 50: meta 75 kwa 50, ni kusema meta za mraba 3.750.
– Kwa kimo cha meta 100: meta 150 kwa 100, ni kusema meta za mraba 15.000, au hekta moja na nusu. Viwanja viwili vya mpira vinaingia ndani.
– Kwa kimo cha meta 120, ambacho inchi nyingi zimeweka kuwa mwisho wa kupanda kwa droni za namna hii: meta 180 kwa 120, ni kusema meta za mraba 21.600.

Angalia vizuri. Kutoka 50 mpaka 100 kimo kimezidi mara mbili, lakini udongo unaoonekana umezidi mara nne. Upana umezidi, na urefu nao umezidi. Vijana wengi wanasahau hapo.

Lakini kuko bei. Picha ile inafanywa na vidoto, 5.472 kwa upande mrefu. Meta 150 zikigawanywa kwa vidoto hivyo, kila kidoto kinafunika karibu sentimeta 2,7 za udongo. Kwa meta 50 ni nusu yake. Ndiyo maana anayepanda juu anaona mashamba mengi, lakini jani la muhogo linampotea. Setilaiti zinazozunguka dunia zinafuata sheria hiyo hiyo. Ile inayoitwa Landsat, picha yake moja inafunika upana wa kilomita 185, lakini kidoto chake ni cha meta 30. Shamba la mama maskini ndani yake ni vidoto viwili au vitatu tu.

CHINI YA MWEMBE

Mchana komite ilikaa chini ya mwembe. Kijana alikuwa amekwisha kufanya hesabu ya mashamba yote yaliyo katika picha zake, na katibu alikuwa ameyaandika kwa kalamu katika karatasi tatu: moja ya komite, moja ya chef, moja ya watu wa mgodi. Walikuwa wafike siku ya tatu. Akaanza kusoma jina kwa jina. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza matokeo ya mtihani wa serikali.

Akafika kwa mama mmoja mjane. Tutamwita Mama wa Kamba, maana alisema jina lake lisiandikwe. Katibu akasoma: "Meta 40 kwa 40. Meta za mraba 1.600."

Mama akasimama. "Apana. Ile si yangu."

"Ni yako, mama," kijana akasema kwa heshima, akamletea picha. "Tazama. Kichuguu yako ni kile. Na mupapai yako."

"Shamba ninaiona. Ni namba njo sijaiona. Miye nilipima na kamba. Mara mbili huku, mara mbili huku. Na kamba yangu iko meta makumi mbili na tano."

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Mama, machine haiwezi kudanganya. Kamba ya mutu inavutika."

Wengine wakacheka kidogo. Mama hakucheka. "Muzuri. Tupime basi kamba."

Seremala wa parokia akaleta meta yake ya chuma. Kamba ilikuwa ya nailoni, yenye fundo kila meta 5, na mama alieleza kwamba marehemu bwana yake ndiye aliyeifunga vile. Tukaivuta. Kweli ilikuwa imerefuka, lakini kwa upana wa vidole vinne tu. Tukashuka bondeni sisi wote, mzee naye. Tukaipima kona mpaka kona. Upande mmoja, meta 50. Upande mwingine, meta 50. Ni kusema meta za mraba 2.500.

Kati ya 2.500 na 1.600 kulipotea meta za mraba 900. Zaidi ya sehemu moja ya tatu ya shamba ilikuwa imemezwa na karatasi. Na kwa mjane mwenye watoto wanne, sehemu ile ni chakula, ni franga za masomo, ni dawa.

Kijana alikuwa karibu kulia. Alifikiri watu watasema amepokea kitu ili apunguze. Akaniletea telefone yake. "Mwalimu, nilifanya muzuri. Droni ilikuwa 80. Mara moja na nusu ni 120. Shamba ya mama inakamata sehemu moja ya tatu ya picha. Moja ya tatu ya 120 ni 40. Kosa iko wapi?"

Nikafuata hesabu yake kidole kwa kidole. Haikuwa na kosa. Nikamwuliza: "Hii 80, ni 80 kutoka wapi?"

Akanyamaza. Kisha akageuza kichwa, akatazama kilima cha udongo pale alipokuwa amesimama asubuhi.

UREFU WA KUTOKA WAPI?

Ndiyo siri yenyewe. Namba inayoandikwa katika kioo cha droni ya namna hii inahesabiwa tangu mahali ilipoondokea. Haiulizi udongo ulio chini yake uko wapi. Kijana aliirusha kutoka juu ya kilima. Kilima kile kinapita bonde kwa meta 20. Droni ilikuwa meta 80 juu ya kilima, lakini ilikuwa meta 100 juu ya muhogo wa mama.

Sasa fanya hesabu upya. Kimo 100, mara moja na nusu, picha inafunika meta 150. Sehemu moja ya tatu ya 150 ni 50. Kamba ya mama na kamera ya kijana vikapatana. Picha haikuwa imedanganya, na mama vile vile. Ni mahali pa kuanzia kuhesabu palipokosewa.

Jambo lingine lilitushika moyo zaidi. Tulipopitia karatasi yote, tuliona kwamba kosa halikuwa sawa kwa watu wote. Shamba lililo juu, sawa na kilima, lilikuwa limepimwa vizuri. Shamba lililo katikati ya mteremko, meta 10 chini, lilipoteza karibu sehemu moja ya tano. Na mashamba ya chini kabisa, karibu na maji, yalipoteza zaidi ya sehemu moja ya tatu. Na nani wanalima kule chini? Wajane na waliofika wa mwisho, waliopewa sehemu yenye potopoto wakati wa mvua. Aliyekuwa chini zaidi ndiye aliyepunguziwa zaidi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekusudia. Kama kijana angerusha droni kutoka kijitoni, kosa lingegeuka: mashamba ya juu yangeonekana makubwa kuliko yalivyo, na hiyo nayo si haki.

Ninyi munaokaa katika sehemu za migodi, mujue kwamba kwetu hatari hiyo ni kubwa kuliko mahali pengine. Inchi yetu imechimbwa na kumwagwa. Hapa shimo, hapa kilima cha udongo. Ukirusha droni kutoka ukingo wa shimo lenye kina cha meta 100, nayo ikapanda meta 100 tu, basi chini ya shimo iko mbali nayo meta 200. Itafunika udongo mara nne ya ule unaofikiri.

VIKWEMBE SHAMBANI

Kesho yake tulianza upya. Mama mwenyekiti akachana zile karatasi tatu mbele ya watu wote, bila maneno mengi. Safari hii kijana aliondokea bondeni, kando ya mashamba ya chini. Na mama walileta vikwembe vyekundu na vyeupe. Tukatandika kimoja hapa na kingine meta 50 mbele, tukipima kwa meta ya seremala. Katika kila sehemu ya bonde, juu, katikati na chini, tulitandika namna hiyo, na kuweka mawe ili upepo usivipeleke.

Mbona vikwembe? Kwa sababu kitu ambacho kipimo chake unakijua, ukikiona ndani ya picha, kinakuwa hakimu. Ukiona vikwembe viwili vinavyopishana kwa meta 50 vinashika sehemu moja ya tatu ya picha, unajua picha yote ni meta 150, hata kama namba ya kimo imekosea. Wapimaji wa kazi hiyo nao wanaweka alama zao chini kabla ya kurusha. Walifanya hivyo kabla yetu.

Watoto walitaka kujua: bonde lote linaomba picha ngapi? Hesabu ya haraka inasema hivi. Meta 600 mara 300 ni meta za mraba 180.000, ni kusema hekta 18. Picha moja kwa meta 100 inafunika 15.000. Basi picha 12. Mtoto mmoja alijibu hivyo mbele ya wengine wote, na hesabu yake ilikuwa sawa. Lakini kazi haifanyiki hivyo. Ili kuunganisha picha kuwa karata moja, lazima zilaliane, kama mabati ya nyumba. Ukiweka mabati kando kwa kando bila kulaliana, mvua itaingia.

Tulipanga kila picha ilalie ile ya mbele yake kwa sehemu 80 katika 100, na mstari mmoja ulalie mstari wa pili kwa sehemu 70 katika 100. Basi katika meta 100 za mbele, zilizo mpya ni 20 tu. Katika meta 150 za upana, zilizo mpya ni 45 tu. Mara 20 kwa 45 ni meta za mraba 900. Mama wa Kamba aliposikia namba hiyo akacheka kwa mara ya kwanza: ndizo zilezile meta 900 alizokuwa amepoteza. Gawanya 180.000 kwa 900: picha 200, si 12.

Na saa? Mistari 7, kila mmoja meta 600, ni kilomita 4 na kidogo. Kwa mwendo wa meta 7 kila segonde ni dakika 10, pamoja na kugeuka dakika chache zaidi. Batri moja ilitosha. Kurusha kulikwisha kabla chai haijapoa. Kupima na kutandika vikwembe kulichukua asubuhi nzima.

KITU PICHA HAIKUSEMA

Jioni tuliangalia picha katika kompyuta ya parokia. Zilikuwa nzuri sana. Wazee walionyesha kwa kidole: hii ni njia ya kwenda kisimani, hii ni nyumba ya zamani iliyoanguka, hii ni nguo ya fulani imeanikwa. Lakini kadiri tulivyotazama, ndivyo tulivyoona vitu ambavyo havikuwamo.

Chini ya mwembe kulikuwa kibanda cha kuwekea majembe: mwembe ulikifunika. Muhogo ulionekana majani, mizizi yake haikuonekana, na mwenye kulima anajua kwamba chakula kiko kwenye mizizi. Shamba moja lililoonekana moja ni la dada wawili, mpaka wao ni mstari wa matuta ambao wao wawili wanaujua. Katika kona moja, majani tu katika picha, kuko kaburi la mtoto. Mama yake alikuja mwenyewe akaonyesha, akasimama kidogo, akaenda zake.

Ndiyo maana komite iliamua kwamba karatasi ya mwisho itakuwa na mambo manne kwa kila shamba: kipimo cha picha, kipimo cha kamba, jina la mwenye kulima pamoja na majirani zake wawili walioshuhudia mpaka, na vitu visivyoonekana kutoka juu. Kazi hiyo iliwamaliza vijana siku mbili. Walikwenda wawili wawili, mmoja na kamba, mmoja na daftari. Kijana wa droni alikwenda pamoja na Mama wa Kamba, na ndiye aliyeshika ncha ya mbali.

Siku watu wa mgodi walipofika, katika karatasi ya komite palikuwa pameandikwa 2.500 mbele ya jina lake. Yule mzee wa "machine haiwezi kudanganya" ndiye aliyesimama kuisoma.

KABLA YA KURUDI

Usiku wa mwisho pastori alitusomea habari ya Nehemia, sura ya pili. Alitukumbusha kwamba Nehemia, kabla ya kusema neno lolote kwa wakubwa, alizunguka kuta za Yerusalemu usiku, chini, mahali ambapo hata mnyama aliyempanda alikosa nafasi ya kupita. Kisha tukaimba, tukagawana karanga.

Asubuhi, basi lilipopanda barabara, niliona bonde lote kupitia dirisha kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu: kilima chekundu, vichuguu, moshi wa jiko moja. Nikajikuta ninahesabu: tuko juu meta ngapi, na kutoka wapi?

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kateni dirisha la katoni kama tulivyoeleza. Simameni meta 6 mbele ya ukuta. Upana munaouona ni meta ngapi?

2. Droni yenye kamera kama hii iko meta 60 juu ya udongo. Picha yake inafunika meta za mraba ngapi? (Jibu: 90 kwa 60, ni kusema 5.400.)

3. Nyumbani mwenu, nani anajua kipimo cha kiwanja na cha shamba? Kimeandikwa wapi? Majirani wanaoujua mpaka ni nani?

4. Someni Kumbukumbu la Torati 19:14 juu ya mipaka ya jirani. Mtu anaweza kuhamisha mpaka bila kukusudia? Na akijua kosa lake, afanye nini?